Usiniache Gizani: Misemo ya Kiingereza Iliyonifunza Kupasha Habari

Kazi yangu ni kuratibu tafsiri. Nakaa katikati: upande mmoja yuko mteja mwenye maandishi yake na tarehe yake, upande wa pili wako wafasiri na wahariri, kila mtu kwenye meza yake, na wengi wao hatujawahi kuonana uso kwa uso. Kwa wateja tunaandikiana Kiingereza. Barua zao huwa na vijisentensi vya mwishoni ambavyo wengi wetu huvisoma kama tunavyosoma "wasalaam": "keep me posted", "let me know", "give me a heads-up", "keep me in the loop". Jicho linapita tu, barua inafungwa.

Miaka niliyokaa kwenye kazi hii imenionyesha kwamba agizo huwa liko hapo hapo mkiani. Yaliyotangulia mara nyingi ni maelezo. Na kila kijisentensi kinaagiza jambo lake: nani aanze kusema, aseme lini, aseme mara ngapi, na akishasema kinatarajiwa nini. Anayevichanganya si mkosa adabu, lakini anamwacha mwenzake gizani bila yeye mwenyewe kujua.

Mbili zinazochanganywa kuliko zote ni "let me know" na "keep me posted". Ya kwanza ina mwisho. Mtu akikuandikia umjulishe faili likifika, anakudai jibu moja: limefika. Ukishajibu umelipa deni. Ya pili haina mwisho mpaka jambo lenyewe liishe. Anayesema "keep me posted" anakuomba uendelee kumpa hali ilivyo, leo na kesho na keshokutwa, bila yeye kukuuliza tena. Mzigo wa kukumbuka ameuhamishia kwako.

Wengi hudhani "posted" hapa inatokana na posta na barua zake. Linatoka kwenye vitabu vya hesabu. Tangu karne ya 17 waandishi wa hesabu wa Kiingereza walitumia neno hilo kwa kazi ya kuhamisha maingizo kutoka daftari la kila siku kwenda kwenye leja. Mauzo, manunuzi na madeni yaliandikwa kwanza kwenye daftari kadiri yalivyotokea, kisha yakapelekwa kila moja kwenye akaunti yake. Leja ikiwa imejazwa mpaka jana, mwenye biashara aliifungua akajua amesimama wapi. Ikiwa haijajazwa, fedha zilikuwepo au hazikuwepo, lakini yeye hakuwa na njia ya kujua. Katika karne ya 19 Wamarekani wakaanza kulitumia kwa mtu: mtu naye anaweza kuwa amejazwa mpaka jana, au kuachwa nyuma.

Asili hiyo ilinisaidia sana, kwa sababu ilinieleza kwa nini wateja wanaosema "keep me posted" hawapendi hadithi ndefu. Wanataka salio. Kazi imefika wapi, kimebadilika nini tangu barua iliyopita, basi.

Aliyenifundisha kazi hii, alipokuwa akinikabidhi mteja mmoja, mama aliyesimamia machapisho ya shirika fulani, aliniambia: "Huyu mama mwandikie kila wiki, hata kama hakuna jipya." Nikamwandikia. Kwa muda mrefu nilifanya hivyo kwa kutii tu, nikidhani namjazia barua zisizo na kitu. Siku moja, tukiwa kwenye simu kwa jambo lingine, nikamuuliza kama barua zangu zinamchosha. Akanieleza kwamba nyuma yake yuko msanifu wa kurasa, nyuma ya msanifu yuko mpiga chapa, nyuma ya mpiga chapa kuna tarehe ya uzinduzi ambayo wakubwa wameshaitangaza. Wote humuuliza yeye. Barua yangu ya mistari mitatu humwezesha kuwajibu wote bila kumtafuta mtu. "Nisipopata neno kutoka kwako," aliniambia, "nabaki kubuni. Na nikibuni, nabuni baya."

Maneno hayo nimeyabeba hadi leo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na katika kazi ya mbali, ambako huwezi kuchungulia mlangoni ukaona mwenzako anafanya nini, kimya hujazwa haraka na hofu ya anayesubiri. Kwa mwandishi, "sina jipya" ni sababu ya kutoandika. Kwa msomaji, kwamba hakuna jipya ni habari kamili: hakuna kilichoharibika, tarehe iko palepale, naweza kulala.

Tangu hapo kila barua yangu ya hali ya kazi huishia na jambo moja ambalo naliona muhimu kuliko mengine yote: lini utanisikia tena. Linganisha barua mbili. Ya kwanza inasema, "Bado tunaendelea, nitakujulisha." Ya pili inasema, "Mhariri yuko sura ya nne, hakuna kilichobadilika, nitakuandikia Alhamisi hata kama hatujamaliza." Habari ni ileile, lakini ya pili inamwachia mtu siku zake. Hadi Alhamisi hana haja ya kuniwazia. "Nitakujulisha" bila siku ni neno linalomlazimu mwenzako kukaa akiitazama simu.

Msemo wa "give me a heads-up" unaomba kitu cha aina nyingine kabisa: wakati. Asili yake ni ukelele. Mpira umepigwa unashuka kuelekea watu, au kitu kinadondoka kutoka juu, na mtu anapaza sauti: vichwa juu, tazameni! Anayepiga ukelele huo haelezi nani kapiga mpira wala kwa nini. Anakupa nafasi ya kusogea. Baadaye ukelele ukageuka jina la onyo lolote la mapema, na maofisini ndivyo unavyotumika.

Nilikuwa na dada mmoja mfasiri wa maandishi ya sheria aliyeujua msemo huu kwa vitendo kabla sijaona mtu yeyote akiueleza. Kazi ikiwa bado nusu aliniandikia: "Dada, sehemu ya mikataba inanila muda kuliko nilivyodhani. Sijachelewa bado, ila naona nitachelewa. Nakwambia mapema." Nikampa mtu wa kumsaidia viambatisho, nikamwomba mteja apokee sura za mwanzo kwanza, na kazi ikaisha bila mtu kupandisha sauti. Kaka mwingine, mwandishi mzuri kuliko wengi niliowahi kufanya nao kazi, alikuwa akiandika saa ileile ya kukabidhi: samahani, bado. Mara nyingi ucheleweshaji wake ulikuwa mdogo kuliko wa yule dada. Lakini sikuwa na la kufanya nao. Hakuna wa kumwita tena, hakuna cha kugawana, kilichobaki ni kuomba radhi.

Nilimpigia nikamuuliza kwa nini hasemi mapema. "Sikutaka kukutia wasiwasi, dada. Nilijua nitakesha nimalize."

"Wasiwasi niachie mimi, kaka," nikamwambia. "Wewe nipe muda."

Nadhani hapa ndipo penye shida kwa watu wengi waaminifu. Hawanyamazi kwa uvivu. Wananyamaza kwa sababu hawana uhakika kama jambo litaharibika, na wanaona kusema "huenda nikachelewa" ni kujitangazia udhaifu ambao huenda usitokee. Lakini onyo la mapema halihitaji uhakika. Ukishakuwa na uhakika, muda wa onyo umepita.

Upande wa anayepokea nao una wajibu wake, na sisi waratibu tunausahau. Mjumbe hauawi. Mtu akikuletea habari mbaya mapema ukamkaripia, umemfundisha yeye na wote waliosikia kwamba ni salama zaidi kuileta ikiwa imechelewa. Nimejiwekea kwamba neno langu la kwanza kwa anayenionya ni asante, hata kama moyoni nimekunjamana. Maswali yanafuata baadaye.

Kisha kuna "keep me in the loop", msemo unaoonekana mwepesi na ndio uliozua mengi. Anayeusema anataka awemo kwenye mzunguko ambao habari inapita. Huenda hana uamuzi wowote wa kutoa, huenda hana swali. Anataka tu lisipite jambo bila yeye kuliona. Kwa maneno yetu ya ofisini: nisirukwe.

Kuwemo kwenye mzunguko si heshima peke yake, kunaleta kuwajibika. Ndiyo maana mambo yakiharibika watu hukimbilia kusema hawakuwemo. Mfano unaokumbukwa sana Marekani ni wa George H. W. Bush alipokuwa makamu wa rais chini ya Ronald Reagan. Mwishoni mwa 1986 ilifichuka kwamba serikali iliuza silaha kwa Iran kwa siri na sehemu ya fedha ikapelekwa kwa waasi wa Contra huko Nicaragua. Bush alishikilia kwamba hakuwa "in the loop". Shajara yake ya Novemba 1986, iliyokuja kutolewa hadharani Januari 1993, ilionyesha ameandika kuhusu suala la mateka, Wamarekani walioshikwa Lebanon ambao mauzo hayo yalikusudiwa kusaidia waachiwe, kwamba alikuwa mmoja wa watu wachache waliojua undani wake. Nautaja mkasa huu kwa sababu unaonyesha uzito wa msemo. Swali la nani alijua nini, na alijua lini, linaweza kumfuata mtu miaka mingi, na jibu lake hutafutwa kwenye maandishi.

Kwetu sisi mzunguko huo ni nakala za barua pepe. Zile herufi cc (carbon copy, nakala ya kaboni) zimebaki kutoka enzi ya karatasi ya kaboni, ambayo Mwingereza Ralph Wedgwood aliipatia hataza mwaka 1806. Mpiga taipu alipachika karatasi ya kaboni kati ya karatasi mbili, akagonga mara moja, akapata nakala. Kadiri alivyoongeza tabaka, ndivyo nakala za chini zilivyofifia hadi zisisomeke. Kwa hiyo mtu alilazimika kuamua: nani hasa anastahili nakala hii? Siku hizi kuongeza jina hakugharimu chochote, na uamuzi huo umepotea. Nimepokea barua zenye majina mengi kuliko maneno. Kila mmoja anadhani mwingine atajibu, na hakuna anayejibu.

Kanuni niliyojiwekea ni rahisi. Ninayetaka afanye jambo, namweka kama mpokeaji na namtaja kwa jina ndani ya barua. Wanaohitaji kujua tu, nawapa nakala, na mstari wa kwanza nasema wazi kwamba hawana la kufanya. Nikimwongeza mtu katikati ya mazungumzo, natangaza: nimemwongeza fulani kwa sababu fulani. Na nikimwondoa natangaza vilevile, maana mtu aliyeondolewa kimyakimya akija kugundua, hutafsiri kitendo hicho kwa ubaya wote anaoweza kuuwaza. Nakala ya siri situmii kabisa kwa mambo ya watu. Ikija kujulikana, imani haijengeki tena.

Waingereza wana msemo wao, "put me in the picture", ambao naupenda kuliko yote hii. Hauombi habari mpya, unaomba picha nzima. Kamanda wa Kiingereza wa Vita vya Pili vya Dunia, Bernard Montgomery, alijulikana kwa kulishikilia jambo hili. Kabla ya mapigano ya El Alamein, huko Misri, yaliyoanza tarehe 23 Oktoba 1942, aliagiza mpango uelezwe kwa hatua, ukianzia kwa makamanda wa juu ukishuka ngazi kwa ngazi, hadi kila askari awe amejua yeye anafanya nini na kazi yake inaingia wapi kwenye mpango mkubwa. Hata siri ilipangiwa ratiba: kadiri siku ya vita ilivyokaribia ndivyo walivyoambiwa walio chini. Askari anayejua lengo la kikosi anaweza kuamua sawasawa hata mkubwa wake akianguka.

Katika tafsiri nimeliona hilo kwa macho yangu. Wateja wa programu za simu huleta maneno yao kwenye jedwali, mstari mmoja mmoja, bila picha ya skrini. Mfasiri anakutana na "Open" peke yake. Je, ni kitufe kinachomwambia mtu afungue, au ni alama kwamba duka liko wazi? "Fungua" na "wazi" haziwezi kubadilishana. Anayefanya kazi bila picha atakisia, na atakisia mara nyingi sana katika faili moja. Nikisema mfasiri apewe skrini, wapo wateja wanaoona nawaongezea kazi. Huwa nasisitiza. Nimewahi kupeleka faili kwa mtu akiwa na picha zote, akaelezwa watumiaji ni wauguzi, wanasoma wamesimama, mkono mmoja una kazi nyingine. Akarudisha maneno mafupi, yenye kitenzi mbele, yanayosomeka kwa mtupo mmoja wa jicho. Sikuwa nimemwagiza hayo. Aliyaamua mwenyewe kwa sababu alijua.

Kumleta mtu "up to speed" ni ndugu wa hili, kwa anayeingia kazi ikiwa inakwenda. Mashine haianzi kufanya kazi kwa kasi yake kamili, hupandishwa kwanza. Kosa linalozoeleka hapa ni kumtumia mgeni mlolongo mzima wa barua na kumwambia soma. Huko si kumpandisha, ni kumtupa. Aambiwe maamuzi yaliyokwisha kufanywa, yanayosubiri, na nani wa kuulizwa nini. Historia atasoma akipata nafasi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nalihofia kuliko yote: habari kutumwa, kupokelewa, na bado isifike.

Waendesha redio wana neno "Roger". Katika alfabeti ya redio iliyotumika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, herufi R iliitwa Roger, na R ilisimama kwa neno la kupokea. Katika miaka ya 1950 alfabeti ya kimataifa ikaifanya R kuwa Romeo, lakini "Roger" haikuondoka. Maana yake ni moja tu: nimepokea ujumbe wako wote. Haina maana ya ndiyo, wala ya nakubali, wala ya nitafanya. Anayetaka kusema nimepokea na nitatekeleza ana neno lingine, "wilco". Watu wa redio walitenganisha hayo mawili kwa sababu kuyachanganya kunaua.

Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos huko Tenerife, Visiwa vya Canary, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana juu ya njia ya kurukia, ukungu ukiwa umetanda. Walikufa watu 583, ajali mbaya kuliko zote katika historia ya usafiri wa anga. Sababu zilikuwa kadhaa, ila moja ni ya maneno. Kutoka kwenye ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, ambayo ilikuwa imeanza kukimbia, mnara wa kuongozea ndege uliambiwa sentensi ambayo ingeweza kumaanisha tunaruka sasa, au tuko mahali pa kurukia tunasubiri. Mnara ukajibu "OK", ukanyamaza kidogo, kisha ukaongeza wasubiri mpaka waitwe. Wakati huohuo ndege ya pili, ya Pan Am, shirika la Marekani, ikawa inaeleza kwamba bado iko kwenye njia. Sauti mbili zikagongana hewani, na ndani ya ndege ya KLM kilichosikika vizuri kilikuwa "OK", mengine yakamezwa na mlio. Baada ya ajali hiyo lugha ya redio ilikazwa. Neno la kuruka likawekewa mipaka, litumike pale tu ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa, na marubani wakatakiwa kuyarudia maagizo muhimu kama walivyoyasikia badala ya kuyaitikia tu.

Kurudia huko ndiko Waingereza wanakoita "close the loop": mzunguko unafungwa pale maneno yanapomrudia aliyeyasema, naye akathibitisha. Hadi hapo hajui kama amesikika.

Tafsiri haiui mtu kwa kawaida, ingawa maelezo ya dawa yanaweza. Lakini sisi tuna neno "sawa", na "sawa" yetu inabeba kila kitu: nimesikia, nimekubali, nitafanya, nimechoka na mazungumzo haya, na wakati mwingine sikubaliani lakini sitaki ubishi. Mwenye kuisikia huchagua maana anayoitaka. Nikimwandikia mfasiri kwamba tarehe imebadilishwa na istilahi ya zamani isitumike tena, naye akajibu sawa, sijui lolote bado. Kwa hiyo tumekubaliana timu nzima kwamba mabadiliko ya tarehe, ya istilahi na ya malipo hujibiwa kwa kurudiwa: "Nimeelewa, nakabidhi Jumanne mchana badala ya Ijumaa, na natumia orodha mpya ya istilahi." Mwanzoni wengine waliona ni utoto, kama kuagizwa dukani. Siku mmoja aliporudia tarehe ya mwezi tofauti na niliokusudia, na tukasahihisha papo hapo, mjadala uliisha.

Upo pia "touch base", wa mchezo wa besiboli, ambapo mkimbiaji hana budi kugusa kila kituo. Akiruka kimoja, wapinzani wakidai, anatolewa. Katika barua unamaanisha tuonane kidogo, tugusane, hakuna ajenda kubwa. Nikiupata najua siandai taarifa. Napiga simu, nasalimia, nauliza hali, tunamaliza.

Nimeacha mwishoni msemo wa habari ambayo hakuna aliyeombwa kuitoa: kusikia jambo "through the grapevine", kupitia mzabibu. Samuel Morse aliionyesha simu yake ya maandishi (telegrafu) hadharani mwaka 1844, kati ya Washington na Baltimore, na muda si mrefu Wamarekani wakawa wanaita habari za mdomo kwa mdomo telegrafu ya mzabibu, wakizitofautisha na zile za nyaya zilizonyooka. Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa huko Virginia, alieleza katika kumbukumbu za maisha yake za mwaka 1901 jinsi watumwa walivyofuatilia vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa njia hiyo. Aliyetumwa posta, yapata maili tatu kutoka shambani, alikawia pale makusudi akisikiliza Wazungu waliokusanyika kuzungumzia barua na magazeti yao. Akirudi, aliwapa wenzake habari njiani, na mara nyingi watumwa walijua la muhimu kabla ya nyumba kubwa ya bwana.

Kila nikilikumbuka simulizi hilo, heshima yangu kwa tetesi huongezeka. Maofisini tetesi husemwa kama ugonjwa wa watu wasio na kazi. Mimi naona ni kazi ya watu wanaoguswa na jambo na hawajaambiwa. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mtu ambaye riziki yake inategemea jibu hataketi kusubiri tangazo.

Mteja mmoja mkubwa aliwahi kusimamisha mradi wake. Kabla barua rasmi haijanifikia, wafasiri wangu walishaambiana, kwa sababu mmoja wao alikuwa na rafiki upande ule. Simu zikaanza: dada, ni kweli? Kazi tuliyokwisha kuifanya italipwa? Niliyajua machache kuliko wao. Niliwaandikia wote kwa pamoja jioni ileile, kwa Kiswahili, barua moja, bila kungoja niwe na majibu yote. Nikawaeleza nilichokwisha kuthibitisha, nikawaeleza ambacho bado nakiuliza, nikawataka wasianze sura mpya, na nikawapa saa ambayo wangenisikia tena kesho yake. Saa ilipofika nilikuwa na jibu la malipo tu, nikawapa hilo.

Kilichonipa taabu wakati ule, na kinanipa taabu bado, ni habari ninazokuwa nazo bila ruhusa ya kuzitoa. Mteja ananieleza jambo kwa siri, na watu wangu wanaguswa nalo. Kudanganya sitaki, kusema siwezi. Ninachofanya ni kuwaambia kwamba siri ipo: kuna jambo siwezi kulizungumza kabla ya Jumatatu, kwa sasa kamilisheni mlichonacho na msichukue ahadi nyingine kwa ajili ya mradi huu. Wengine hukasirika, na nawaelewa. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia ni afadhali ningenyamaza.